Sosholojia, minervali na deni lisiloandikwa

Kila mwaka matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotoka, vijana wa Lubumbashi humwagiwa poda nyeupe kichwani, hutembezwa mtaani kwa vigelegele, na kwa siku mbili tatu hakuna anayezungumza habari ya makuta. Mazungumzo hayo huja baadaye, ndani ya nyumba, mjomba akiwa ameitwa: mtoto ataandikishwa fakulte gani, na nani atalipa? Akitaja udaktari au politeknike, kikao huanza kujadili bei. Akitaja sosholojia, kimya kinapita kidogo, kisha mjomba anauliza: "Ukimaliza, utafanya kazi wapi?"

Wanasosholojia hupenda kulikwepa swali hilo kwa kusema kwamba elimu haipimwi kwa fedha. Ni jibu zuri kwa mtu ambaye minervali yake, yaani ada ya chuo, ilishalipwa na mwingine. Mimi naona swali la mjomba ni la haki, na linajibika kwa kalamu na karatasi, mradi tujue kwanza tunapima deni la aina gani. Hapo ndipo wengi hupotea. Wanasikia habari za Marekani, ambako madeni ya wanafunzi yamepita dola trilioni 1.6, wanamshukuru Mungu kwamba Kongo haina bodi ya kukopesha wanafunzi, kisha wanaamini kijana wa kampasi ya Kasapa anamaliza masomo bila kudaiwa na mtu. Anadaiwa, tena na watu wengi. Kinachokosekana ni karatasi ya deni.

Kwa majirani karatasi ipo. Tanzania ilitunga sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu mwaka 2004, na bodi ikaanza kazi Julai 2005. Mhitimu akiajiriwa, mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2016 alikatwa asilimia 8. Juu yake kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo wahitimu waliilalamikia hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021. Kenya iliunda bodi yake, HELB, kwa sheria ya 1995. Riba ni asilimia 4, mhitimu huachiwa mwaka mmoja baada ya masomo kabla ya kuanza kulipa, na anayechelewa huongezewa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Mwanasosholojia wa Nairobi asiye na kazi anaweza kuliona deni lake linanenepa huku mfuko wake umekonda. Siusifu mfumo huo. Lakini anayedai ni mmoja, kiasi kinajulikana, na siku mhitimu wa Dodoma anapokatwa shilingi ya mwisho, amemaliza. Hakuna mtu wa bodi atakayempigia simu Oktoba inayofuata kumwomba minervali ya mtoto wake.

Lubumbashi anayekopesha ni ukoo, na ukoo una matawi. Mama anauza unga wa bukari soko la komuni ya Kenya na yumo katika likelemba ya wanawake wenzake. Zamu yake ya kupokea ikiangukia wiki ya kuandikishwa kwa mitihani, ambapo asiyelipa haingii chumbani, mtoto ameokoka muhula mmoja. Kaka mkubwa anayeendesha lori la kwenda mpakani Kasumbalesa anatoa nauli. Shangazi ananunua silabasi. Parokia inasaidia mwaka ambao baba ameugua. Nyumba nyingine huuza nusu ya kiwanja. Na ukichunguza ya nyuma utakuta mnyororo mrefu zaidi: mtoto wa kwanza alisomeshwa kwa fedha ambazo baba alipokea mwaka 2003, wakati Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, ilipowaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kuitwa "kuondoka kwa hiari". Mtoto huyo wa kwanza ndiye leo anatakiwa amlipie wa nne. Kwa hiyo sehemu ya ada inayolipwa Kasapa mwaka huu ni mabaki ya kazi ya baba iliyokwisha zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Mtaalamu wa fedha akiutazama mpango huu hatauita mkopo. Mkopo una kiasi na tarehe. Ukoo umenunua hisa katika mshahara wa mtoto. Akikosa kazi, hakuna dalali atakayebeba viti vya nyumba. Atakula bukari pale pale alipokula jana, na hasara itagawanywa kimyakimya kati ya wote waliotoa. Akipata kazi, gawio halina mwisho: ada za wadogo, hospitali ya bibi, kilio cha binamu, bati la nyumba ya mjomba aliyesaidia mwaka wa pili. Wanaosema Waafrika wanasomeshana kwa upendo tu hawajakaa kwenye kikao ambacho mtoto mwenye mshahara wa kwanza anakumbushwa nani alilipa nini, mwaka gani, na kwa kuuza mbuzi yupi.

Ukishaona kwamba ni hisa, hesabu yote inabadilika. Mwenye bodi ya mikopo anauliza mwanasosholojia atapata kiasi gani maishani mwake, kwa sababu bodi inaweza kungoja. Ukoo hauwezi. Nyuma ya mtoto anayesoma kuna mwingine aliye mwaka wa mwisho wa sekondari na mwingine aliye chini yake. Mshahara wa dola 200 unaoanza mwezi wa pili baada ya kutetea kazi ya mwisho unaokoa mwaka wa mdogo mtu. Mshahara wa dola 800 unaokuja miaka sita baadaye utamkuta mdogo huyo ameshaacha shule, yuko Kolwezi anachimba. Kwa nyumba ya Katuba au Ruashi, thamani ya diploma iko kwenye tarehe ya mshahara wa kwanza kuliko kwenye ukubwa wa mshahara wa kumi. Na kwa kipimo hicho sosholojia ina tatizo ambalo sitaki kulifunika.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano, si bei ya chuo chochote, na kila mzazi aweke zake. Tuseme masomo yanakula dola 500 kwa mwaka: minervali, silabasi, taxi-bus ya kwenda Kasapa na kurudi. Miaka mitano ni dola 2,500, na wengi huishia hapo. Lakini kijana huyo angeweza kuwa kona ya barabara anauza unite za simu na kubadilisha dola, akapata, tuseme, 100 kwa mwezi. Miezi 60 ni dola 6,000. Gharama kamili ni 8,500, na zaidi ya theluthi mbili yake ni muda. Ndiyo maana wazazi wanaopigania kupunguziwa ada, ingawa wana haki, wanapigania sehemu ndogo ya mzigo.

Akipata kazi ya dola 300 kwa mwezi, anamzidi mwenzake wa kona kwa 200, na gharama hiyo inarudi baada ya miezi 42 na nusu. Miaka mitatu na nusu si kitu kibaya. Akipata ya 150, anamzidi kwa 50 tu, na gharama inarudi baada ya miezi 170, yaani miaka 14 na zaidi. Sasa ongeza kungoja. Kila mwaka anaokaa nyumbani baada ya diploma unaongeza dola 1,200 kwenye gharama. Kwa mwenye kazi ya 300, mwaka huo mmoja utamgharimu miezi sita zaidi ya kazi. Kwa mwenye kazi ya 150 utamgharimu miaka miwili. Mshahara mdogo na kungoja kurefu vikikutana, hakuna upendo wa elimu utakaoiokoa hesabu hiyo.

Na kungoja huanza kabla ya diploma. Kila aliyesoma Kongo anaujua mwaka wa masomo unaovutika kama mpira: maprofesa wamegoma, sessioni imesogezwa, matokeo hayajatoka, mradi wa miaka mitano umekuwa saba. Serikali haikutozi senti kwa miaka hiyo miwili ya nyongeza na hakuna risiti yake, ila mama anaijua, kwa sababu ndiye aliyeendelea kupika.

Hapo ndipo nyumba nyingine hukimbilia Bank Lambert, yaani wakopeshaji wa mtaani, na hapa sitapima maneno. Mtu anayekopesha kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na wako wanaotoza zaidi, hapaswi kabisa kuhusishwa na ada ya chuo. Chukua dola 300 ili mtoto aingie mtihani. Riba ni 90 kila mwezi. Baada ya miezi minne umetoa 360, zaidi ya ulichokopa, na zile 300 bado ziko pale pale. Mfanyabiashara anaweza kukopa hivyo kwa wiki mbili ili atoe bidhaa zake forodhani Kasumbalesa, akauza, akalipa. Diploma haiuziki ndani ya wiki mbili. Bora mtoto apoteze sessioni, hata mwaka, kuliko mama apoteze mtaji wa unga. Mwaka wa mtoto ni dola 1,200 katika mfano wetu, na mtaji wa mama ukifa, ada ya mwaka unaofuata nayo haina pa kutoka.

Kwa nini basi mji huu wenye mashimo ya shaba unatoa wanasosholojia? Watu hudhani ni ajali. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaamua kuwaweka wafanyakazi na wake zao kambini kwa muda mrefu, badala ya kuwaleta na kuwarudisha vijijini kila baada ya miezi. Ukishaamua hivyo unahitaji kujua watu wanakula nini, wanaoana vipi, wanalalamika nini. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma na wanajeshi wakawafyatulia risasi hapa mjini, wakati huo ukiitwa Elisabethville. Watu wengi walikufa. Mwaka 1946 kikaundwa mjini kituo cha utafiti wa matatizo ya kijamii ya wenyeji, CEPSI. Sidai kwamba risasi zilizaa kituo. Nasema tu kwamba mji wa kampuni umekuwa ukihitaji watu wa kuwaeleza wakubwa kuhusu watu wa chini, na umekuwa ukiwalipa. Chuo kikuu chenyewe kilifuata, miaka ya 1955 na 1956.

Halafu mwaka 1971 Mobutu akaviunganisha vyuo vyote kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na katika kugawa fakulte, sayansi za jamii na lugha zikawekwa Lubumbashi. Kwa miaka kumi, hadi vyuo vilipotenganishwa tena mwaka 1981, aliyetaka sosholojia Zaire alikuja Katanga. Mwanafalsafa V. Y. Mudimbe alikuwa hapa. Johannes Fabian alifundisha anthropolojia hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wazee waliosoma wakati huo wanasimulia posho ya mwanafunzi, chumba cha kulala na sahani ya chakula, vyote vya Serikali. Wanaposema "sosholojia ililipa", wanasema kweli, lakini wasisahau nani alibeba gharama ya muda: Zaire iliwalisha wakiwa wanasoma, kisha ikawaajiri yenyewe. Mtoto wa leo anasoma somo lile lile bila lolote kati ya hayo mawili. Kumpa ushauri kwa kumbukumbu za 1975 ni kumdanganya.

Leo anayehitaji mwanasosholojia ni nani? Serikali bado ina ofisi, na ofisi zina wazee ambao hawatoki kwa sababu pensheni haieleweki. Shule zina walimu wapya wanaofundisha bila mshahara wa Serikali, wakingoja jina liingizwe kwenye orodha ya kulipwa. Wengine wamengoja mpaka wakazoea. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanaajiri kwa mradi, na mradi una tarehe ya kufa. Niseme wazi kwamba mahitaji makubwa ya kweli katika Haut-Katanga na Lualaba yalizaliwa na karatasi moja, nayo ni Kanuni za Madini (Code minier) zilizorekebishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018.

Sheria hiyo inailazimisha kampuni ya madini kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na kuandikiana na jamii hizo orodha ya ahadi zenye tarehe: shule hii, kisima kile. Inagawa pia mrabaha: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa chefferie, sekta au komuni ambamo mgodi uko. Mwishoni mwa 2018 kobalti ikatangazwa madini ya kimkakati, na mrabaha wake ukapanda hadi asilimia 10. Maana yake, chifu ambaye jana alikuwa akiomba mafuta ya pikipiki anaweza leo kuwa na fedha za kupangia, na kampuni inatakiwa ionyeshe kwamba ilimsikiliza, iliandika malalamiko, ilihesabu mashamba na miembe kabla ya kuhamisha kijiji. Kazi hiyo haifanywi na mhandisi wa mashimo. Anahitajika mtu anayejua kuendesha kikao ambacho wanawake nao watasema, anayeelewa Kisanga au Kilamba au Kibemba pamoja na Kiswahili chetu, na anayeweza jioni kuandika ripoti ya Kifaransa isiyomfanya mkubwa asinzie. Kwa kazi hiyo mwana-Lubumbashi aliyesoma sosholojia ana faida ambayo mgeni wa Kinshasa hana, achilia mbali wa Beijing au Melbourne.

Sasa niharibu furaha. Nafasi hizo ni chache. Kongo ilitoa tani zaidi ya milioni 2.8 za shaba mwaka 2023. Gécamines, katika miaka yake mizuri ya 1980, ilitoa chini ya tani 500,000 na ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, pamoja na shule, hospitali na maduka. Mashimo ya wazi ya leo na magari yake makubwa yanahitaji watu wachache kwa kila tani, na ofisi ya mahusiano na jamii ni chumba kimoja tu ndani ya kampuni nzima. Tena, tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, mashimo makubwa mengi yako upande wa Lualaba. Mshahara wa kwanza mara nyingi unataka uwe na fedha za kupanga nyumba Kolwezi au Fungurume kabla hujalipwa. Na wengi huingia kupitia kampuni za kandarasi ndogo, kwa kontrati za miezi, wakifanya kazi ile ile ya mwenzao aliyeajiriwa na mgodi kwa malipo pungufu. Benjamin Rubbers wa Liège, ambaye miaka mingi ameandika juu ya wafanyakazi wa Katanga, aliongoza kitabu kizima kilichotoka mwaka 2021 juu ya siasa hizo za kazi katika migodi ya Kongo na Zambia. Anayetaka kumpeleka mtoto huko akisome kabla ya kumwandikisha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama sosholojia inalipa Lubumbashi, jibu langu ni kwamba inamlipa aliyeanza kulipwa kabla hajaimaliza. Sioni njia nyingine ya kufupisha kungoja. Kazi ya kwanza ya sosholojia mjini hapa ni ile ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na maswali, ikilipwa kwa siku: utafiti wa afya, wa maji, wa bei za soko, uandikishaji wa tume ya uchaguzi, CENI, uchaguzi ukikaribia. Wanafunzi wengi huidharau, wanaona ni ya kupita. Wanakosea. Mtu wa mwaka wa pili aliyekwisha kusanya majibu kwa simu kwenye KoboToolbox, akasafisha data, akatoa jedwali kwenye SPSS bila kumwomba binamu, hana haja ya kungoja tangazo la kazi. Wale waliomtuma mara ya kwanza watamtafuta mara ya pili. Jina lake liko kwenye daftari la mtu. Mjini kwetu, ambako nafasi nyingi hupatikana kwa kuwa na "parapluie" juu yako, daftari hilo ndilo mwavuli wa mtoto wa muuza unga.

Hapa nailaumu mitaala kuliko wanafunzi. Mtu anaweza kupita miaka mitatu akikariri Durkheim na Weber kutoka silabasi iliyopigwa fotokopi mpaka herufi zimekufa, bila kuhesabu hata nyumba ishirini za mtaa wake. Nadharia ninaipenda, na hakuna afisa wa mahusiano na jamii mbaya kuliko yule asiyeelewa mamlaka ya chifu inatoka wapi. Ila nadharia isiyoshuka Kamalondo au Kipushi haimsaidii mwanafunzi wala chifu.

Kuna jambo la pili ambalo wazazi wengi hawajaligundua. Mfumo wa LMD ulipoenezwa vyuoni kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ikawa ya miaka mitatu na masta miwili. Zamani ilikuwa graduati mitatu, kisha lisansi miwili, na aliyeishia graduati alionekana ameshindwa katikati ya njia. Mawazo hayo bado yako kichwani mwa wazazi na waajiri wengine, kwa hiyo watoto wanasukumwa moja kwa moja hadi masta. Rudi kwenye mfano wetu. Lisansi ya miaka mitatu inagharimu dola 1,500 za ada na 3,600 za muda, jumla 5,100. Hata kama mwenye lisansi anapata 200 tu kwa mwezi na mwenye masta 300, wa kwanza anarudisha gharama mwezi wa 87 tangu aingie chuo. Wa pili, mwezi wa 102 na nusu. Na wa kwanza ameanza kuleta fedha nyumbani miaka miwili mapema, wakati mdogo wake bado yuko shuleni. Masta ataisoma baadaye, kwa mshahara wake mwenyewe, akijua tayari anataka kujifunza nini. Kwa nyumba isiyo na akiba, nisingependekeza njia nyingine.

Linabaki deni lenyewe, lile la hisa. Najua pendekezo langu litawaudhi wazee, lakini nalitoa: liandikwe. Ukoo ukae, useme mtoto huyu tukimsomesha miaka mitatu, naye akipata kazi, atamlipia mdogo wake mmoja mpaka amalize, au atamrudishia mama mtaji wa likelemba kwa kiasi fulani. Zaidi ya hapo ni hiari yake. Wataniambia damu haiandikiani mikataba. Mbona mahari inaandikwa? Familia za Lubumbashi hukabidhiana orodha iliyopigwa kompyuta: suti ya baba mkwe, vitenge vya mama, mbuzi, blanketi, lampu ya bibi, kila kitu na idadi yake, na hakuna anayesema undugu umevunjika. Wasichana ndio wangefaidika zaidi na karatasi hiyo. Leo msichana aliyehitimu hudaiwa na ukoo uliomsomesha, kisha akiolewa mshahara wake unaanza kugombewa na ukoo wa pili ambao haukuchangia minervali hata ya muhula mmoja. Kiasi kikiwa kimeandikwa, angalau anajua lini amemaliza upande mmoja.

Na deni lenye mwisho lina faida kwa ukoo pia. Nimewaona vijana wenye kazi nzuri wakificha mshahara, wakibadilisha namba za simu, wakihamia Kolwezi na kusema wako "kwenye stage", kwa kuwa hawaoni siku watakayoambiwa basi. Watu huita hiyo roho mbaya. Mimi naona ni hesabu ya mtu anayejua kwamba kila anachoonyesha kitaombwa. Aliyeambiwa mapema kiasi chake ana sababu ya kukileta na kukimaliza.

Chuo nacho kina lake. Wazazi wanapolipa, wana haki ya kuambiwa waliotangulia wako wapi, na fakulte inayofundisha kufanya utafiti wa jamii haina kisingizio. Uwezo upo. Observatoire du Changement Urbain ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) imewahi kupeleka watafiti katika nyumba za mji huu kuuliza zinapata nini na zinatumia nini, na mwaka 2003 kikatoka kitabu juu ya kaya za Lubumbashi kilichosimamiwa na Pierre Petit wa Brussels pamoja na watafiti wa hapa. Walioweza kuuliza Katuba nzima inaishije wanaweza kuwapigia simu wahitimu wa promosheni moja. Maswali yenyewe ni machache: ulingoja miezi mingapi kabla ya malipo ya kwanza, yalikuwa kiasi gani, yalitoka kwa nani, kontrati ilikuwa ya muda gani, nani alilipa masomo yako na unamlipa nini sasa. Kila mwaka fakulte ina wanafunzi wanaohangaika kutafuta mada ya kazi ya mwisho, na wengi huishia kunakili ya kaka aliyetangulia. Wagawiwe promosheni, kila mmoja yake, na majedwali yabandikwe kwenye mlango wa sekretarieti, mahali ambapo wazazi husimama wakingoja kulipa.